Kioo Kilichopoa

Mwaka ule shangazi yangu alihama kiti mezani. Miaka yote alikuwa akikaa upande wa dirisha, mama yake akiwa mkono wake wa kushoto. Jioni moja alichukua sahani yake bila kusema lolote, akazunguka meza, akakaa upande wa pili. Bibi hakuuliza siku ile. Aliuliza baada ya wiki mbili, huku akikunja nguo zilizoanuliwa, tena kwa sauti ya chini makusudi.

“Mwanangu, unanisikia au unanitazama mdomo?”

Shangazi alicheka. Kisha akaacha kucheka.

“La kushoto limekufa, mama. La kulia linalia.”

“Linalia nini?”

“Kama birika linalokaribia kuchemka. Halinyamazi.”

“Na kazini wanajua?”

“Wakijua, sina kazi.”

Shangazi alikuwa mrekebishaji wa boila. Watu wengi hawajui kwamba kazi hiyo ipo, ingawa wanajifunika mablanketi yaliyotiwa rangi kwa mvuke wake. Boila ni pipa kubwa la chuma lililolazwa, limejaa maji, na katikati ya maji hayo hupita mabomba yanayobeba moto na moshi. Maji yakichemka hutoa mvuke, na mvuke huendesha kiwanda. Kazi ya mrekebishaji ni kuupa moto hewa ya kuutosha. Hewa ikipungua, moto hutoa masizi na gesi ya sumu isiyo na harufu. Ikizidi, joto hubebwa na upepo hadi juu ya dohani na kuwapasha ndege.

Alikuwa na kipima moshi, mashine ndogo yenye mrija ambao aliuchomeka kwenye dohani ili kusoma joto la moshi na kiasi cha oksijeni kilichobaki ndani yake. Lakini sifa yake haikutoka kwenye mashine. Ilitoka kwenye tabia yake ya kukaa kwanza nusu saa na boila bila kugusa kitu, akilisikiliza. Mafundi walimwita Mama Sikio. Aliwahi kusimama mlangoni mwa kiwanda cha sabuni na kusema, kabla hajatua mkoba, kwamba feni inayopulizia moto hewa kwenye kichomeo imelegea skrubu moja. Ikawa kweli. Sasa jina hilo lilimchoma kila lilipotajwa. Fundi asiyesikia vizuri haruhusiwi kuingia peke yake katika chumba cha boila, na yeye alipita kipimo cha afya cha mwisho kwa sababu tu muuguzi alimnong’oneza upande wa kulia. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Kazi nyingine hakuijua, wala hakuitaka.

Kiwanda cha mablanketi kilimwita kwa sababu boila lao lilikuwa likila mafuta kuliko zamani. Chumba cha boila kilikuwa nyuma ya uwanja wa kupakilia mizigo, na ukuta mmoja tu wa matofali ulikitenganisha na chumba cha pasi, ambamo wanawake wapatao arobaini walinyoosha na kukunja mablanketi. Ndani palikuwa safi kupita kawaida. Sakafu ilipigwa deki, spana zilipangwa kwa ukubwa. Mbele ya boila palikuwa na kiti cha mbao ambacho hakikukaliwa na mtu, na kwenye msumari nyuma ya kiti palining’inia koti la buluu la kazi, lililofuliwa na kupigwa pasi.

Mwendesha boila, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyeitwa Mrithi na wenzake, aliingia pamoja naye. Kabla ya kumwonyesha chochote aliligeukia lile koti.

“Shikamoo, baba,” alisema.

Shangazi alitazama koti, akamtazama yeye.

“La mkwe wangu,” Mrithi alieleza, kwa haya kidogo. “Aliendesha boila hili miaka ishirini na sita. Mzee Mvuke, ndivyo walivyomwita. Alifia hapo kwenye kiti, Mama. Saa nane mchana, anatazama kioo cha maji. Mimi niliingia kumpokea zamu, nikamwamkia, nikamweleza habari za mjukuu wake, nikamwambia na mafuta yamefika. Nilisema naye robo saa nzima. Macho yalikuwa wazi.”

“Pole sana, mwanangu.”

“Tushapoa, Mama. Miezi mitatu sasa.”

Sauti ya kike ikaja kupitia dirisha la chumba cha pasi. “Mrithi! Mkweo leo kakuitikia?”

“Fanya kazi yako wewe!” Mrithi alijibu kwa kelele, lakini hakucheka. Ikaja sauti nyingine: “Lisemwalo lipo!” na wanawake wakaangua kicheko.

Shangazi aliomba kigoda. Kile kiti hakupewa, naye hakukiomba. Akakaa kwenye kigoda, akaligeuzia boila sikio la kulia, akafumba macho. Alisikia moto ukivuma. Alisikia feni. Juu ya hayo yote alisikia birika lake mwenyewe, lile lisilochemka milele. Halafu, kutoka mahali fulani mbele ya boila, alisikia kitu kingine.

Ko. Ko. Ko.

Kimya. Akahesabu pumzi tisa. Ko. Ko. Ko.

Ilikuwa hodi. Hodi ya mtu mstaarabu, anayegonga mara tatu na kungoja. Shangazi alifumbua macho. Chumbani hapakuwa na kilichotikisika.

“Mrithi,” alisema taratibu. “Unasikia kitu?”

Mrithi alilitazama koti kwanza, ndipo akajibu. “Hapana, Mama. Sisikii kitu.”

Basi ni langu, shangazi aliwaza. Birika sasa limepata mwenzake.

Akafanya kazi kwa mashine. Kipima moshi kilionyesha oksijeni asilimia tisa, yaani hewa nyingi mno, na moshi ulikuwa na joto la digrii mia mbili sitini na nane. Alifungua kifuniko cha kichomeo, akasafisha mdomo unaopulizia mafuta, akabana kilango cha hewa kidogo kidogo, akisoma baada ya kila mzunguko wa bisibisi. Moto ulibadilika kutoka mweupe wenye hasira hadi rangi ya chungwa lililoiva. Oksijeni ilishuka hadi nne. Gesi ya sumu hakuna. Joto la moshi lilishuka hadi mia mbili hamsini na moja, likagoma hapo. Alitarajia mia mbili thelathini.

Aliomba daftari la zamu ili aone zamani lilikuwaje. Mwandiko wa marehemu ulikuwa mdogo na wa haraka. Katika safu ya kiasi cha maji aliandika kila saa kitu tofauti: nusu, nusu na kidole, chini ya nusu, nusu. Kisha ukaja mwandiko wa Mrithi, mkubwa na wa kishule. Mwezi wa kwanza ulifanana na wa mzee. Baada ya hapo ilikuwa nusu, nusu, nusu, nusu, ukurasa hadi ukurasa, miezi miwili bila kupungua wala kuzidi hata mara moja. Shangazi alinyanyua macho kukitazama kioo cha maji, ule mrija mnene wa kioo uliosimama mbele ya boila kuonyesha maji ya ndani yamefika wapi. Mzee Mvuke alikuwa amechora mstari mwekundu kwenye kinga ya chuma ya kioo hicho. Maji yalikuwa juu ya mstari huo barabara.

Mtu aliyetulia kazini, alijiambia. Alichoka, na alikuwa na hofu yake mwenyewe ya kubeba. Akaaga, akasema atarudi kesho kuhakikisha.

Jioni, akiosha vyombo, alisikia hodi. Ko, ko, ko. Alikausha mikono, akaenda kufungua mlango. Hapakuwa na mtu. Bibi alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale.

“Unamfungulia nani?” bibi aliuliza.

“Hakuna aliyebisha?”

“Hakuna.”

Walitazamana. “Mwanangu,” bibi alisema, “waambie. Sikio ni kiungo tu. Hata mimi magoti yamekufa na sijafukuzwa humu ndani.”

“Mama, nikisimamisha kiwanda kwa mlio wa kichwani mwangu, kesho yake kila fundi atajua. Na nikinyamaza kwa kudhani ni kichwa, kumbe sicho?”

Bibi alimsogezea kiti. Alimwambia aje akae.

Siku ya pili alifika saa sita na nusu mchana. Mrithi aliliamkia koti. Shangazi alichomeka mrija kwenye dohani na kungoja tarakimu zitulie. Oksijeni nne, kama alivyoiacha. Joto la moshi mia mbili sabini na tisa.

Alisoma mara mbili. Akauchomoa mrija, akaupuliza, akauchomeka tena. Mia mbili themanini.

Moto ni uleule, hewa ni ileile, ila joto jingi zaidi linatoroka. Masizi yakiganda kwenye mabomba huleta hali hiyo, lakini masizi hayaoti kwa usiku mmoja. Ukoko wa chokaa nao hujijenga kwa miezi. Kulikuwa na kitu ambacho jana kilikuwa kikipokea joto hili, na leo hakipo kulipokea.

Ko. Ko. Ko.

“Mrithi, leo unasikia?”

“Hapana, Mama.” Jibu lilikuja upesi mno.

Aliacha kusikiliza. Alivuta kigoda hadi mbele ya kioo cha maji, akayaweka macho sawasawa na ule mstari mwekundu, akatazama. Nilipomuuliza baadaye alichokuwa akikitafuta, alisema hakujua. Alikuwa ametazama mamia ya vioo maishani na hakuwahi kukitazama hata kimoja kwa dakika nzima, kwa sababu masikio yalikuwa yakimtosha. Maji ya boila linalofanya kazi hayakai kimya. Ndani yanachemka kwa fujo, na kwenye kioo hupanda na kushuka unywele mmoja, kama kifua cha mtoto aliyelala. Haya hayakupumua. Yalikaa juu ya mstari kama yaliyochorwa.

“Yametulia sana,” alisema.

“Naam, Mama.” Uso wa Mrithi ulilainika. “Tangu mzee apumzike vizuri.”

“Kabla ya hapo?”

“Kabla ya hapo alikuwa anasumbuka. Tulipomzika tu, maji yakawa yanacheza, yanashuka chini ya mstari wake. Na honi ya maji kupungua ikawa inalia. Kila siku, Mama, saa nane mchana. Saa yake! Hao wanawake wakawa wanaimba, mkweo anakuita, mkweo anakuita. Mke wangu akipita kuniletea chakula akiisikia ile honi, analia mpaka nyumbani.”

“Sasa mbona hailii?”

Mrithi alitazama sakafu. “Niliitia waya. Umeme ukairuka, ikanyamaza.”

Shangazi alipiga hesabu. Saa nane mchana wafanyakazi hurudi kutoka mapumzikoni, mapipa yote ya rangi hufunguliwa kwa pamoja, mvuke unavutwa kwa nguvu na maji ya boila hushuka. Hata honi ya kiwanda kisicho na marehemu ingelia saa ile. Alinyoosha mkono, akapitisha vidole chini ya kinga, akakigusa kioo.

Chumba kile kilikuwa na joto la kumtoa mtu jasho akiwa amesimama tu. Bomba kila moja lilikuwa la kuunguza. Lakini kioo kilikuwa kimepoa. Kilipoa kama paji la uso la mtu aliyefariki asubuhi.

Aliurudisha mkono na kuutazama. Kisha akainama kutazama vilango viwili vinavyokiunganisha kioo na boila, cha juu na cha chini. Vyote viwili vilikuwa vimefungwa.

“Nani alifunga hivi?”

“Mimi. Kilikuwa kinavuja pale chini, nikasema nikifunge nikingojea kifaa. Sasa nilipokifunga, maji yakabaki palepale kwenye mstari. Na hayakusogea tena.” Sauti yake ilishuka. “Mama, mara yangu ya mwisho kusema naye akiwa hai, alisema, usiache maji yashuke chini ya mstari wangu. Hayajashuka.”

Miezi miwili alikuwa akiyatazama maji yaliyofungiwa chupani. Kila saa aliandika nusu, kwa uaminifu.

“Simama nyuma yangu,” shangazi alisema. Alifungua kilango cha chini, kisha cha juu, polepole. Maji yaliyokuwa juu ya mstari yalitetemeka mara moja, yakashuka, yakatoweka. Kioo kikabaki cheupe tupu toka juu hadi chini.

“Kimejaa!” Mrithi alisema, akashusha pumzi. “Kimejaa mpaka juu, Mama.”

Na kweli, kioo kilichojaa na kioo kisicho na kitu hufanana. Shangazi alichomoa penseli kutoka mfukoni, akaishikilia kiulalo nyuma ya kioo. Maji yangeipinda. Penseli ilionekana imenyooka.

“Hakina kitu,” alisema.

Alinyoosha mkono na kugonga kitufe chekundu cha kuzimia moto. Mvumo ulikatika. Katika kimya kile alisikia nyayo zikikimbia, na alipogeuka Mrithi alikuwa ameshafika kwenye swichi ya pampu ya maji.

“Acha!”

“Maji yameisha! Lazima tulijaze!”

Alimrukia, akamkamata ovaroli mgongoni, akamvuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Wote wawili wakaanguka kwenye kile kiti cha mbao, kikavunjika.

“Nisikilize,” alisema, akimhemea usoni. “Mabomba ya juu hayana maji, yamepata moto hujui kiasi gani. Ukiyamwagia maji ya baridi sasa hivi yanageuka mvuke kwa mpigo mmoja, na boila litapita katika ukuta ule pamoja na sisi. Umenielewa?”

“Nimeelewa.”

“Pampu ikiwa kwenye otomatiki inaweza kujiwasha yenyewe. Kata umeme wake. Tazama swichi, usije ukageuza upande mwingine.”

Mrithi alikata. Kilisikika kishindo kidogo cha swichi. Shangazi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi, na kule kwenye rangi walikuwa wakingoja kufungua mapipa.

Hakugusa kilango chochote cha mvuke, maana mvuke ukitoka ghafla maji yangerukia mabomba yale ya moto. Alitoka, akaingia chumba cha pasi, akasimama mlangoni. “Akina mama, acheni kila kitu kama kilivyo. Tokeni nje, mpaka geti la mbele. Msikimbie, lakini msikae.”

“Kuna nini? Mkwe katoka kwenye koti?” alisema yule mwenye maneno wa dirishani.

“Dada, toka.”

Alipomwona uso, yule dada aliweka pasi chini na kutoka, na wengine wakamfuata. Hakuna aliyecheka tena. Mrithi alikimbia kuwatoa watu wa mapipa ya rangi. Meneja alikuja mbio kutoka ofisini, tai imemrukia begani.

“Mama Fundi, nani kakupa ruhusa ya kusimamisha kiwanda?”

“Hakuna.”

“Umesikia nini?”

“Nimeona,” shangazi alisema. “Nenda geti la mbele na wenzako, meneja. Ugomvi tutaufanyia huko.”

Walisimama uwanjani kwenye jua kali, yeye na Mrithi mbele kidogo ya wengine, wakilitazama jengo la boila. Dohani haikutoa moshi. Kiwanda kilichokuwa kikivuma miaka kilikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa na uzito. Akakumbuka kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa, akatamani asingekumbuka.

Ilitimia saa nane.

Ko. Ko. Ko.

Moto umezimwa, feni imezimwa, hakuna mtu ndani. Shangazi alifumba macho. Mungu wangu, nimewatoa watu wote hawa, na kichwa changu bado kinagonga. Alipoyafumbua alimwona Mrithi kando yake. Mkono wake ulikuwa umeshuka ubavuni, na vidole vilikuwa vikikunjwa kimoja kimoja. Kimoja. Viwili. Vitatu. Kisha akangoja.

“Mrithi,” shangazi alisema. “Unahesabu nini?”

Mwanamume alianza kulia bila sauti. “Na wewe unasikia, Mama?”

“Tangu jana nakuuliza!”

“Wiki ya tatu sasa nasikia. Nilidhani ni mimi tu. Nilidhani ananigongea mimi, kwa sababu niliizima honi yake.”

Walisimama hivyo, kila mmoja akimtazama mwenzake kama mtu aliyekutana na ndugu asiyemjua. Kule ndani ikagonga tena, na tena, kwa saa nzima na zaidi, kila mara kwa sauti ndogo kuliko iliyotangulia, kadiri boila lilivyopoa. Kabla ya saa kumi ikakoma. Hakuna kilicholipuka.

Walingoja siku mbili lipoe kabisa. Alipofungua chemba ya boya, ile chupa ya chuma pembeni mwa boila ambamo boya la shaba huelea na kuiamuru pampu iwake maji yakipungua, alilikuta boya limelegea kwenye mkono wake, limeshikiliwa na uzi mmoja wa skrubu. Fujo la maji lilikuwa likiligongesha ukutani. Kwa kulegea, liliiamuru pampu kwa kuchelewa, kila siku zaidi kidogo, na honi ya akiba iliyopaswa kupiga kelele ilikuwa imenyamazishwa kwa waya. Alipoingiza kichwa na tochi ndani ya boila aliona mistari myeupe ya chokaa kwenye mabomba ya juu, mmoja chini ya mwingine, mahali maji yalipokuwa yakisimama na kurudi nyuma. Aliihesabu hadi kumi na tisa, akaacha. Mabomba mawili yalikuwa yamelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo.

Meneja alimshika mkono mbele ya watu. “Masikio ya dhahabu! Watu wote walisikia boila zima, huyu mama akasikia boya!”

Shangazi aliuchomoa mkono wake, akachukua mkoba. Mrithi alikuwa amesikia pia. Mlio ulikuwa wa kweli. Sikio la kulia lilikuwa sawa. Ndivyo alivyojiambia njiani, ndivyo alivyomwambia bibi mezani. Bibi alisema, “Haya.”  Kwa majuma matatu mafundi walimpigia simu kumpongeza, naye alipokea kwa sikio la kulia na kuwashukuru.

Kisha mabomba mapya yakawa yamefungwa, na boya jipya, na honi imeondolewa ule waya, na Mrithi alikuwa amepelekwa kozi ya wiki mbili akarudi na cheti. Shangazi aliitwa kuliwasha na kulirekebisha upya. Koti halikuwapo tena msumarini; mke wa Mrithi alikuwa amelichukua nyumbani. Moto ulishika mara ya kwanza. Oksijeni asilimia nne, moshi digrii mia mbili ishirini na sita. Maji kwenye kioo yalipanda na kushuka unywele mmoja. Nyuma ya ukuta pasi zilikuwa zikifanya kazi, na yule dada mwenye maneno alikuwa akimsimulia mtu jambo la kuchekesha.

Ko. Ko. Ko.

Shangazi aliganda. Alikitazama kioo, kilikuwa kinapumua. Alikigusa, kikamuunguza kidole. Alitazama tarakimu, hazikusogea.

“Mrithi. Unasikia hodi?”

Mrithi alikuja karibu. Alisimama pale aliposimama yeye, akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu, akihesabu pumzi.

“Hapana, Mama.”

“Usinifiche.”

“Haki ya Mungu, Mama. Mara ile nilikudanganya. Leo sisikii kitu.”

Ikagonga tena, wazi, karibu, ya kistaarabu. Angeweza kunyamaza. Kila kipimo kilikuwa upande wake, na meneja alikuwa mlangoni na karatasi ya kutia saini. Lakini tayari alikuwa amewaona watu wawili chumbani humo wakisikia kitu na kila mmoja kukificha, na wanawake arobaini wakipiga pasi upande wa pili wa ukuta.

Alizima moto.

“Nini tena, Mama Fundi?” meneja alipaza sauti.

“Tunangoja lipoe, tunafungua chemba ya boya.”

“Jipya hilo! Una wasiwasi gani?”

“Mimi nasikia linagonga. Huyu hasikii. Mmoja wetu amekosea, na hatutajua kwa kubishana.”

Walifungua kesho yake mchana. Boya lilikuwa limekaa imara kwenye mkono wake. Mrithi alilitikisa kwa nguvu zote, likakataa kusogea. Shangazi alilishika mwenyewe, akalizungusha, akapitisha ukucha kwenye kila uzi wa skrubu. Wakati wote huo, boila likiwa wazi na baridi na umeme umekatwa, ndani ya kichwa chake ilikuwa ikibisha, mara tatu, na kungoja.

“Basi hiyo ni yangu,” alisema.

Alikaa kwenye kigoda na kumweleza meneja yote: la kushoto, la kulia, muuguzi aliyenong’ona. Meneja alisugua paji la uso. Alisema angeweza kujifanya hakusikia. Shangazi alisema hapana, tumekuwa na wengi wa kujifanya. Akaomba karatasi ya saini, akaandika chini yake kwamba boila liko salama, kwamba lilikaguliwa kwa macho na mikono, na kwamba mrekebishaji asiruhusiwe tena kuingia chumba cha boila bila mtu wa pili mwenye masikio mazima. Akaweka jina lake.

Mrithi aliisoma juu ya bega lake la kulia. “Mtu wa pili nani, Mama?”

“Sijui. Atafutwe.”

“Mimi zamu yangu inaisha saa nane kila siku,” Mrithi alisema, akihamia upande wa pili huku akiitazama sakafu. “Baada ya hapo sina kazi.”

Shangazi hakumjibu, kwa sababu alisema hayo akiwa upande wake wa kushoto. Mrithi alingoja, akaelewa. Akazunguka nyuma ya kigoda, akaja kulia, akayasema tena.